GPA 3.6, jamaa anataka laki 4 anitafutie skolashipu ya masters, nimpe?

ViaziMviringo:
Ugonile wakuu. Nimemaliza kilimo 2021, tangu hapo nipo Uyole, Mbeya, nazungusha viazi na vibarua vya kuhesabu miche kwenye mashamba ya majaribio. Nataka masters, sasa nikisema nijilipie itabidi shamba la parachichi la mzee liuzwe na miti ndo imeanza kuzaa, hata kulitamka nyumbani siwezi. Kuna jamaa Mwanjelwa anasema ana koneksheni, laki 2 sasa hivi na laki 2 barua ikitoka. Roho inasita ila umri nao unaenda, nishaurini.

MnyaluMafinga:
Kamwene. Dogo usitoe hata mia. Skolashipu kama Chevening ya Uingereza, DAAD ya Ujerumani na Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya unaomba mwenyewe mtandaoni, hakuna cha koneksheni.

KijaniTukuyu:
Mi nilishaliwa laki mbili na nusu 2019, namba haipatikani mpaka kesho 😂

DadaWaNjombe:
Mdogo wangu nipo huku Ulaya na Erasmus Mundus mwaka wa pili, wanatoa euro 1,400 kwa mwezi na ada wanalipa wao, ila nauli, viza na kodi ya chumba vinatoka humohumo na hela yangu ya kwanza iliingia nimeshafika wiki ya tatu, nauli nilikopeshwa na vikoba vya mama, kwa hiyo hilo lipange mapema. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, sikufanya, walikubali barua ya chuo kwamba nilisoma kwa Kiingereza, sio kozi zote lakini, waulize. Mara ya kwanza niliandika eti tangu utotoni napenda kilimo, wakanitosa. Mara ya pili nikaandika ukungu ulivyomaliza viazi vya shangazi na nataka kujifunza nini kuhusu huo ukungu, nikapata. Na walimu wa kukuandikia rekomendesheni waombe mwezi kabla, wanasahau hao jamani.

MnyaluMafinga:
Chevening wanataka uzoefu wa kazi masaa 2,800, kama miaka miwili hivi, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka 2. DAAD wana za kusomea hapahapa Afrika pia, ila kwa kawaida hawataki digrii iliyozidi miaka 6, we wa 2021 hesabu mwenyewe.

ViaziMviringo:
Vibarua bila mkataba vinahesabika kweli?

MnyaluMafinga:
Vinahesabika, hata kujitolea. Jumlisha masaa yako, msimamizi wa shamba akuandikie barua yenye tarehe. Akistaafu utamtafuta wapi.

KijaniTukuyu:
Na muulize huyo wa Mwanjelwa, yeye mwenyewe kasoma wapi na hiyo koneksheni?

ViaziMviringo:
Nimemuuliza, kakasirika. Baada ya nusu saa kanipigia tena kashusha, laki na nusu tu.

DadaWaNjombe:
Laki na nusu ndo bei ya pasipoti. Jumatatu nenda Uhamiaji.