Naomba ushauri: limfosaiti zimeshuka na safari ya Bukavu imekaribia

Bintiziwa: Ndugu zangu, naishi Ujerumani. Kipimo cha damu kimeonyesha limfosaiti (seli nyeupe za kinga) 500 kwa mikrolita, ilhali kiwango cha kawaida huanzia kama 1,000. VVU sina. Je, nile nini ili zipande kabla sijachanjwa homa ya manjano?

Mzee_Kiluvya: Binti yangu, vijana mmeacha mboga za majani. Mama watoto alipopungukiwa damu, tulimpa juisi ya rozela akainuka.

Mpimadamu: Mzee wangu, hizo ni seli nyekundu za damu, si limfosaiti. Dada, unatumia dawa gani?

Bintiziwa: Fingolimodi, kwa ajili ya maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Nimeiacha tangu wiki iliyopita ili seli zirudi, na naona nimefanya vyema, kwa kuwa sijapata shambulio la ugonjwa kwa muda mrefu.

Mpimadamu: Dawa hiyo ndiyo sababu. Seli zako hazikufa. Zimezuiliwa kwenye tezi za limfu.

Msemakweli: Seli ziko hai lakini kwenye damu hazionekani? Uzi huu umetungwa.

Mpimadamu: Haujatungwa, ndugu. Tezi hutoa kemokini, yaani kemikali za kuita seli, za CCL19 na CCL21, na limfosaiti yenye kipokezi cha CCR7 huzifuata ikatoka kwenye damu na kuingia humo. Kutoka kuna ishara nyingine, S1P, ambayo ni haba ndani ya tezi na tele kwenye limfu na damu, hivyo seli huelekea iliko nyingi. Fingolimodi hukifanya kipokezi cha S1P kizame ndani ya seli, nayo ikabaki bila kuhisi njia ya kutokea. Zinazonaswa zaidi ni zile zenye CCR7, ndiyo maana hesabu huporomoka hivyo. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta shambulio kali kuliko yaliyotangulia, na chanjo ya homa ya manjano, yenye virusi hai, haifai kwa anayeitumia.

Bintiziwa: Lakini Congo wanadai cheti, na tiketi nimeshalipia.

Mama_Ruzizi: Mwanangu, hukuwahi kuchanjwa? Tangu 2016 cheti ni cha maisha.

Bintiziwa: Nilichanjwa nilipoondoka Bukavu, na cheti ninacho. Basi nimeze kidonge leo?

Mpimadamu: Mpigie daktari wako leo hii, kabla ya kumeza. Ukipitisha siku 14 bila dawa, dozi ya kurudia huangaliwa kama ya kwanza, saa 6 kliniki, kwa sababu mapigo ya moyo hushuka.