Kigogo anataka "ya maji" ndiyo nilipwe, nifanyeje?

Wakuu, nauza vifaa vya ofisi Kariakoo. Mzigo wa tenda ya serikali nimeshafikisha, sasa dereva wa kigogo kanipigia: mzee anataka asilimia kumi, la sivyo faili linalala. Niende wapi?

— Piga 113, TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ni bure. Na usifute meseji hata moja.

— Kigogo huyo! Utapotezwa wewe na duka lako.

— Acha kumtisha mwenzio. Februari 2008 Lowassa, Waziri Mkuu mzima, alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu Richmond, ule mkataba tata wa umeme wa dharura. Na tangu 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Ila jina usilimwage humu, hata wapambe wake wanasoma.

— Nimewaelewa. Dereva kapiga tena sasa hivi, sijapokea.