Mawakala wa "kampuni ya Marekani, kodi sifuri" hapa Nairobi: mmetuuzia karatasi, mkatuachia madeni

Wanajukwaa, nimekaa na jambo hili miezi minane nikiona aibu, nikidhani mjinga ni mimi peke yangu. Jana nimekutana na tangazo lilelile, ofisi ileile, picha ileile ya bendera: "Sajili kampuni yako Wyoming, fungua akaunti ya dola, sahau KRA." Yaani jisajili kwenye jimbo la Marekani, umsahau mtoza kodi wa Kenya. Chini yake vijana wamejipanga wakiuliza bei. Basi leo nasema.

Kazi yangu ni kuhariri video na kuziwekea manukuu kwa wateja wa nje. Tuko watatu, chumba kimoja Roysambu, ghorofa ya nne. Mwanzoni mwa 2023 mnakumbuka hali ilivyokuwa: dola ilitafutwa kwa tochi, shilingi inaporomoka kila wiki, na mteja wangu mkubwa akataka kunilipa kwa kadi kupitia mfumo usiopokea kampuni iliyosajiliwa Kenya. Sikuwa natafuta kukwepa kodi. Nilikuwa natafuta namna ya kulipwa. Rafiki akanielekeza kwa wakala mmoja mjini, nikapanda lifti, nikapewa kahawa, nikalipa sh 62,000 kwa M-Pesa: 47,000 za usajili, na 15,000 za kile walichokiita namba ya kodi ya Marekani.

Namba hiyo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huitoa bure. Bure kabisa! Unajaza fomu ya SS-4, unaituma kwa faksi au unapiga simu, basi. Na ada ya jimbo la Wyoming kusajili kampuni ni dola 100 na ushei. Lakini pesa ya kuhudumiwa nisingeilalamikia, kila mtu ale kwa jasho lake. Ninacholalamikia ni maneno niliyoambiwa.

Niliambiwa hivi: kampuni ya LLC (ile ambayo mwenyewe hawajibiki binafsi kwa madeni yake) ya mtu mmoja asiye Mmarekani, ambaye hana ofisi wala wafanyakazi kule na kazi yote anaifanyia nje, kwa kawaida hailipi kodi ya mapato ya Marekani. Hilo ni kweli. Mhasibu yeyote atakuambia ni kweli. Kisha wakanyamaza, nami nikabaki nikidhani habari imekwisha hapo. Nilipouliza kuhusu KRA, yule bwana akasema, "Weka nil tu, pesa haikuingia Kenya." Yaani nitangaze kwamba sikupata kitu.

Ndugu zangu, someni Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kabla hamjamwamini mtu wa kahawa na kiyoyozi. Ukiwa na makao ya kudumu Kenya na ukawa nchini kwa muda wowote ndani ya mwaka, hata siku moja, wewe ni mkaazi wa Kenya kwa kodi mwaka huo. Hesabu ya siku 183 ambayo kila mtu anaiimba ni ya asiye na makao hapa. Na hata huyo akikwepa zile 183, bado anahesabiwa mkaazi akiwa hapa kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia. Mimi nalala Roysambu mwaka mzima! Na biashara inayofanyika sehemu hapa na sehemu nje, ikiwa mwenyewe ni mkaazi, faida yote huhesabiwa imepatikana Kenya. Haijalishi pesa imetua Wyoming au imetua Githurai.

Kuna jingine walilolificha. Kampuni yenyewe, hata ikisajiliwa nje, ikiwa usimamizi na maamuzi yake yanafanyika Kenya, nayo ni mkaazi wa Kenya. Asilimia 30 ya faida. Maamuzi ya kampuni yangu yanafanyika juu ya meza ya plastiki karibu na dirisha linalotazama Thika Road. Nani angeniamini kwamba inaendeshwa Wyoming? Na msidanganywe kwamba kuna mkataba wa kodi kati ya Kenya na Marekani wa kukukinga. Haupo.

Sasa benki. Hapa ndipo nilipoumia zaidi, nitaeleza polepole.

Akaunti haikuwa ya benki hasa, ilikuwa ya moja ya zile kampuni za programu zinazopitishia pesa kwenye benki nyingine. Wakala ndiye aliyejaza fomu ya kuifungua. Mimi nilitoa pasipoti na picha, yeye akaketi kwenye kompyuta yake. Palipoulizwa nchi ninayolipia kodi, akaandika Marekani. Akaweka anwani ya Wyoming, chumba cha barua ambacho kampuni chungu nzima zinakitumia. Hakuniuliza. Sikuonyeshwa. Nimekuja kuiona fomu ile mwaka na nusu baadaye, mwezi wa nane 2024, akaunti ilipofungiwa ikiwa na dola 4,180 ndani, nikaomba nakala ya kila nilichowahi "kutangaza".

Februari mwaka huo Kenya ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji fedha, orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, kwa hiyo pasipoti yetu tayari inatazamwa mara mbili. Halafu wenye ile programu ya akaunti wanamkuta Mkenya, anaingia kwenye akaunti kutoka Nairobi kila siku, amejitangaza mlipa kodi wa Marekani. Wangenichukuliaje?

Wakataka uthibitisho wa makazi: bili ya stima yenye jina langu na jina la mtaa. Nawauliza ninyi mnaopanga, nani ana bili hiyo? Stima ya ploti yetu ni ya tokeni, unalipia kabla ya kutumia. Mita imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, mzee ambaye sijawahi kuonana naye, kodi ya nyumba naituma kwa mtunza ploti. Nilichonacho ni ujumbe wa simu wenye tarakimu 20 za tokeni. Nikawatumia. Wakakataa. Nikatuma mkataba wa nyumba. Wakasema anwani ni ya S.L.P., hawapokei sanduku la posta. Nikaenda kwa chifu, nikapigiwa muhuri barua. Wakasema hawaitambui hati hiyo. Kila jibu lilichukua siku tano au sita, na kila barua pepe ilitiwa saini na jina tofauti.

Wakati huo mwenzangu anayeshughulikia sauti alikuwa na karo ya muhula wa tatu ya mtoto wake. Nilimlipa kwa mkopo wa simu. Nilikuwa na pesa zake, nazitazama kwenye skrini, na siwezi kuzigusa.

Baada ya wiki kumi na moja wakafunga akaunti na kutuma salio kwa hundi. Wameituma wapi? Wyoming! Kwenye kile chumba cha barua, ambacho ufunguo wake ni wa wakala. Wakala akasema ada ya anwani imekwisha, lete sh 6,500 ndipo bahasha ifunguliwe. Nikalipa. Hundi ikafika Nairobi, benki yangu ya hapa ikakataa kuipokea. Hadi leo nimeiweka kwenye faili la plastiki pamoja na cheti cha kampuni.

Nikadhani yamekwisha. Februari mwaka uliofuata nikamwendea mhasibu mmoja mama wa makamo pale Ngara, nikamwekea karatasi zote. Akauliza swali moja tu: "Fomu 5472 mliwasilisha?" Mdomo ukanikauka. Sikuwahi kuisikia.

Sikilizeni, nyote mlio na LLC ya mtu mmoja. Kodi inaweza kuwa sifuri, lakini ripoti si sifuri. Kampuni ya namna hii inayomilikiwa na mgeni hutakiwa kupeleka IRS Fomu 5472 pamoja na Fomu 1120 kila mwaka ambapo pesa imepita kati yako na kampuni, na hata mtaji uliouweka mwanzoni unahesabika. Mwisho ni tarehe 15 Aprili, usipoomba muda. Usipopeleka, faini ni dola 25,000. Kwa dola ya sh 129 hiyo ni zaidi ya milioni 3.2. Si asilimia ya mapato, ni pesa hiyohiyo hata kama kampuni iliingiza dola 300. Wakikuandikia na ukakaa siku 90 bila kuitikia, inaongezeka dola 25,000 nyingine kwa kila siku 30. Mwaka wangu wa kwanza, 2023, ulikuwa umeshapita tarehe.

Fomu zenyewe zinapelekwa kwa posta au kwa faksi, kwenda Ogden, Utah. Nilizunguka Moi Avenue hadi Tom Mboya nikitafuta mashine ya faksi inayofanya kazi, saiba moja baada ya nyingine, nikaishia kulipia huduma ya faksi ya intaneti. Nimetuma za miaka miwili, nimeambatisha barua ya kueleza kilichotokea na kuomba nisitozwe. Sijajibiwa. Kila nikisikia barua pepe imeingia usiku, moyo unaruka.

Upande wa KRA nimerekebisha ritani zile za nil mwenyewe, kwa sababu aliyeniambia niweke nil hayumo kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, aliyemo ni mimi. Kodi yenyewe, asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Nalipa kwa awamu.

Na sasa naona wamehamia bidhaa nyingine. "Dubai hakuna kodi." Falme za Kiarabu zimeanza kutoza kampuni asilimia 9 tangu Juni 2023, kwa faida inayozidi dirhamu 375,000, na ukitaka unafuu wa maeneo huru kuna masharti yake. "Kadi ya ukaazi wa kidijitali ya Estonia." Ipo tangu Desemba 2014, ni kitu kizuri cha kusaini nyaraka na kuendesha kampuni, lakini haikupi ukaazi wa kodi wala viza. "Kampuni ya Uingereza sh 45,000", ilhali tangu Mei 2024 kuisajili mtandaoni ilikuwa pauni 50. Na wanaosema KRA haina macho nje, Kenya imeingia kwenye mfumo wa nchi kubadilishana taarifa za akaunti. Ni kweli Marekani haimo. Lakini Uingereza, Estonia na Dubai, wanakokuuzia sasa, zimo zote.

Sisemi msisajili kampuni nje. Wengine mna sababu ya haki kama niliyokuwa nayo mimi. Ninachodai ni kwamba anayechukua pesa yako akuonyeshe fomu anazojaza kwa jina lako, na akuambie ripoti za kila mwaka kabla hujalipa.

Kwa ofisi husika, najua mnasoma hapa: nataka sh 68,500 zangu, na nakala ya kila karatasi mliyoisaini kwa niaba yangu. Jumatatu saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu na ujumbe wa M-Pesa. Yeyote aliyelipa pale na yuko tayari tuongozane aniandikie hapa, na aangalie leo hii alichoandikiwa pale panapouliza nchi anayolipia kodi.