Nimekuta niko chamani na sikujiunga: siasa zangu ni zangu kweli?

MtotoWaKibokoni:
Assalaam aleikum wadau. Nina miaka 24, nimezaliwa na kulelewa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Juzi niliingia eCitizen kuomba cheti cha tabia njema, nikaona niangalie pia kwa msajili wa vyama. Nikakuta ni mwanachama! Fomu sijawahi kujaza. Kuuliza nyumbani, ami akacheka: "Si ulinipa kopi ya kitambulisho nikutafutie kibarua? Nikakutia chamani kabisa. Kwani wewe ungeingia kipi?"

Hilo swali lake ndilo linaloninyima usingizi. Kwetu habari za saa moja zikianza, mzee huinua kidole, hata kijiko hakilii kwenye sahani. Akitokea mwanasiasa fulani, mzee anafyonya, na sisi watoto tunafyonya. Nilijua nani wa kufyonywa kabla sijajua kusoma. Ukitoka nje, barazani ni kahawa na kashata na maneno yale yale: ardhi, bandari, vitambulisho.

Halafu ikaja Juni 2024, maandamano ya kuupinga Mswada wa Fedha. Nilikesha TikTok na kwenye Space za X, na tarehe 25 vijana walipoingia Bungeni nilihisi nimezaliwa upya. Mzee akasema nimelishwa na simu. Nikamjibu yeye amelishwa na redio. Hatukusemezana siku tatu.

Sasa ami anataka niwe ajenti wa mgombea wake 2027. Mtu anajuaje wazo hili ni langu, hili la babangu, hili la simu?

Kahawa_Chungu:
Yakhe, mimi ningedai hicho kibarua kwanza 😂

BiMkubwaLikoni:
Mwanangu, usimvunjie mzee heshima kwa neno la redio, hilo umekosa. Ukishamtaka radhi, nisikilize. Ghasia za Likoni, Agosti 1997, jirani yangu wa bara alikimbia usiku na wanawe. Aliniachia cherehani na mabeseni mawili, akasema atayarudia. Cherehani aliichukua baada ya miezi minane. Mabeseni akaniambia nikae nayo, moja ninalo mpaka leo, nafulia. Nyumbani kwetu kabla ya hapo maneno ya "wenyeji" na "wa kuja" yalisemwa kila siku na mimi niliyaitikia. Tangu mwaka ule mwanasiasa akiyaanza, nazima redio. Hakuna aliyenifundisha. Nawe tafuta ulichokiona kwa macho yako, uanzie hapo.

MwalimuJomvu:
Swali lako ni la zamani, ndugu. Marekani mwaka 1965, watafiti Jennings na Niemi waliwahoji wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari na wazazi wao, kila mmoja peke yake. Chama kilirithiwa sana. Msimamo juu ya jambo moja moja ulirithiwa kidogo. Kwa hiyo usijiulize chama, jiulize mambo: maskwota wafanywe nini, mizigo ya bandarini isafirishwe vipi, ada ya chuo alipe nani. Utashangaa pale wewe na mzee mnapoachana, na pale msipoachana.

Na simu pia usiiamini sana. Kule Ohio, Marekani, mwaka 1940, Roosevelt akigombea urais na Willkie, mtafiti Lazarsfeld na wenzake walifuata wapiga kura wale wale kwa miezi. Redio na magazeti viligeuza watu wachache, wengi viliwatia nguvu pale pale walipokuwa, na maoni mengi yalipita kwa watu wanaowajua. Hiyo si baraza hiyo? TikTok nayo hukuletea zaidi ya kile unachokitazama, yaani ni baraza uliyoijenga kwa kidole gumba. Ila barazani kwenu yule usiyempenda naye huja, akaketi, na kahawa akanywa.

NyangumiNyali:
Mwalimu umemaliza, lakini vijana hawa wanasikilizana wao kwa wao kisha wanaita mageuzi. Kura zitalindwa na nani wakikataa uajenti?

WakiliWaMtaa:
@NyangumiNyali hakuna aliyesema kura zisilindwe. Kijana, Ibara ya 38 ya Katiba inakupa uhuru wa kuchagua chama au kukaa bila chama. Kutoka ni kwa maandishi: andikia chama barua na nakala umpelekee msajili, ubaki nayo yenye muhuri. Na kura ni ya siri. Ami hataingia nawe kibandani.

MtotoWaKibokoni:
Ahsanteni wote. Jana baada ya Isha nilimtaka mzee radhi, kisha nikamwambia yote. Alinyamaza, akaenda sandukuni, akarudi na kadi ya marehemu babu ya KANU, chama tawala cha enzi hizo, kingo zimeliwa na mende. Kumbe mwaka 1992, mzee alipofuata IPK, chama kilichonyimwa usajili kwa kuitwa cha kidini, babu alimfungia mlango. Alilala msikitini siku mbili.

Nikamuuliza mbona hakuwahi kunieleza.

"Ungenifanyia vivyo hivyo," akasema, akaifunika kadi na kufunga sanduku.

Barua ya chama nimeiandika. Ami anakuja Ijumaa, la uajenti bado sijajua nitamjibu nini.