Wauza samaki wa mapambo acheni kutuuzia konokono wa kichocho!!

Wakuu nina hasira, acha niandike tu, mods msiunganishe huu uzi.

Kuna jamaa hapa Mwanza anauza samaki wa mapambo, nikamuagiza konokono aina ya ramshoni ili wanilie mwani wa kwenye vioo vya tenki, akanipiga buku tatu kila mmoja eti mzigo umetoka nje. Sawa, nikalipa. Juzi napita dukani kwake namkuta dogo anamimina konokono kutoka kwenye ndoo na ndoo imejaa magugu maji, namuuliza hawa mmewatoa wapi, anacheka, "si hapo mwaloni kaka".

Mwaloni, yaani ufukweni mwa ziwa!! Pale pale watu wanapooga na wengine wanajisaidia, halafu konokono wa hapo wanakuja kuwekwa kwenye tenki la sebuleni ambalo mwanangu kila saa kachovya mkono anagusa samaki.

Kwa asiyejua, yule konokono wa ziwani bapa aliyejiviringisha kama dawa ya mbu ya kuchoma, Biomphalaria, ndiye anayebeba kichocho cha tumbo, na kwa macho kumtofautisha na ramshoni ni kazi kweli. Akishaambukizwa anamwaga vijidudu kwenye maji hasa mchana, vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda wala nini, dakika chache tu. Na yeye haumwi useme utamjua, anatambaa zake, anakula, anapendeza.

Kinachouma, kuwazalisha ramshoni wala si kazi. Kila mmoja ni dume na jike humo humo, wanabandika mayai kwenye kioo na majani, baada ya wiki moja mbili watoto hao. Na kichocho hakipiti kwenye mayai, konokono anakiokota kwenye maji yenye kinyesi cha mgonjwa, kwa hiyo vaa glavu, toa mayai, yaweke kwenye ndoo safi ya maji ya bomba yaliyolala, watoto wape mchicha uliochemshwa na ganda la yai lililosagwa ili magamba yakaze, hao ni salama na utawapata mpaka uwagawe bure. Sasa ziwani unafuata nini??

Nimempigia yule muuzaji ananiambia "mbona wengine hawalalamiki bosi". Hela hajarudisha. Tenki nimelimwaga, limekauka, samaki wako kwenye beseni, na mtoto hospitali wamesema nisubiri wiki kadhaa kwanza maana ukipima choo mapema mayai ya kichocho hayaonekani.

Mwenye konokono waliozaliwa kwenye tenki lake mwenyewe na anaweza kunionesha na mayai aje PM. Buku tatu natoa.