Kazi nifanye mimi, pongezi apewe kaka! Maabara zetu hapa Dar mna nini na wanawake?

Wakuu salaam. Nina hasira, lugha mtanivumilia.

Nipo kwenye maabara moja ya utafiti hapa mjini, siitaji. Juzi PCR, kipimo kinachonakili DNA hadi ionekane, ilituchanganya: kila sampuli inasoma chanya, hadi kontroli ya maji, yaani maji matupu ambayo hayatakiwi kusoma kitu! Nikakesha. Nikamwaga praima zote (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili), nikachanganya mpya, nikafuta meza na pipeti kwa jiki. Asubuhi kontroli safi kabisa. Bosi akachungulia skrini, neno la kwanza: "Nani kakusaidia?" Kikaoni akapongezwa kaka mmoja ambaye usiku huo alikuwa kwake Mbagala kalala. Na akapokea, bila aibu! Mimi nikaambiwa, "Dada, hebu cheki kama chai imefika."

Mnaosema wanawake tunajihisi tu, msomeni Ben Barres wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyekuwa bingwa wa glia, seli za ubongo zinazozihudumia seli za neva. Alizaliwa Marekani 1954 akaitwa Barbara; 1997 akabadili jinsia, akaishi kama mwanamume. Akiwa bado Barbara, mwanafunzi pale chuo cha MIT, alipata swali la hesabu lililoshinda karibu darasa zima. Mwalimu akamwambia lazima kafanyiwa na mpenzi wake! Miaka baadaye, Ben katoa semina, mtu akasikika akisema kazi yake ni bora kuliko ya dada yake. Dada yupi jamani? Ni yeye yule yule, ubongo ule ule, kilichobadilika ni jina mlangoni.

2005 rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, Larry Summers, alipodai huenda maumbile yanachangia wanawake kuwa wachache kileleni mwa sayansi, Barres alimjibu kwenye jarida la Nature 2006. Nani angembishia? Kakaa pande zote mbili. (Wanaotaka kujadili mwili wake wafungue uzi wao. Marehemu alifariki 2017, na 2013 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilikuwa imeshampokea akijulikana wazi kuwa kabadili jinsia.)

Sasa andiko la utafiti wetu linakaribia kutumwa jaridani, jina langu limetupwa huko mkiani mwa orodha ya waandishi. Daftari langu la maabara lina tarehe kila ukurasa, na kurasa zote nimezipiga picha. Aliyewahi kumwandikia mhariri wa jarida moja kwa moja kabla andiko halijatoka, anijuze: walimsikiliza, au walimrudishia msimamizi wake barua?