Barabara ya moramu inakatika kila mvua: tuanzie wapi?

Muulizaji: Wakuu, shikamooni. Barabara yetu huku karibu na Bweyale, Uganda, upana mita 5, imebonyea katikati. Mvua ikinyesha, maji hupita juu ya njia, na bodaboda huteleza kwenye mteremko wa shule. Tumechanga hela ya tripu tatu za moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe. Tumwage wapi?

Jibu la 1: Msimwage bado, ndugu. Moramu juu ya maji yaliyotuama itakuwa tope tu. Zibueni mitaro kwanza, kisha chimbeni michirizi ya kutoa maji pembeni, kila mita 20 hivi mteremkoni, mkielewana na wenye mashamba. Halafu inueni mgongo wa barabara, katikati iwe juu kuliko kingo: vuteni kamba iliyopimwa usawa kutoka katikati hadi ukingoni. Pale ukingoni, nafasi chini ya kamba iwe sentimita 15. Shindilieni udongo ukiwa na unyevu: ukiufinya kiganjani ushikamane, usichuruzike maji.

Jibu la 2: Kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, nayo isipungue kipenyo cha sentimita 60. Nyembamba huziba, na jembe haliingii kusafisha. Mdomo wa kutokea uwe chini kuliko wa kuingilia, na utandikwe mawe, la sivyo maji yatachimba shimo hapo.

Jibu la 3: Watoto wa shule kwanza, tafadhali! Fyekeni kichaka upande wa ndani wa kona ili dereva aone mbali. Mkiweka tuta la kupunguza mwendo, lisilo na alama ni hatari usiku. Muoneni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awafikishe kaunti ndogo; barabara za jamii ziko chini yao, ila za wilaya ni za wilaya.